Maswali ya maadili kwenye intavyuu ya udaktari: Dada Dokta anajibu barua zenu

Barua za udaktari zimekuwa nyingi sana safari hii na karibu zote zinauliza kitu kimoja, yale maswali ya maadili wanayokutana nayo vijana wanaoomba kusomea udaktari nje. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba mzizi wa mambo, zingine kadiri zilivyohitaji.

Shikamoo Dada Dokta. Mi ni kijana wa Tabata, namalizia A level ya Cambridge hapahapa Dar, nimeomba udaktari vyuo vinne vya Uingereza na kimoja kimeniita intavyuu ya MMI, ile ya kupita vituo vingi vifupi. Sayansi hainitishi, kinachonitisha ni maadili. Nimekariri zile kanuni nne zote na mifano yake. Juzi mwalimu akaniuliza, mgonjwa ana kansa, watoto wake wanaomba asiambiwe, utafanyaje? Nikataja kanuni zote nne nikanyamaza. Akasema sijajibu swali. Sasa jibu lenyewe ni lipi? – K., Tabata

Marahaba mdogo wangu, na hongera, wengi wanaomba na hawaitwi.

Mwalimu wako yuko sahihi. Kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki, hizo kanuni zilitolewa Marekani mwaka 1979 zikaenea dunia nzima na kila anayeingia kwenye chumba cha intavyuu anazijua, msaili keshazisikia asubuhi nzima kabla yako. Hana shida ya kujua kama umezikariri. Anataka kuona unawaza vipi pale kanuni mbili zinapogombana, kwenye kisa unamwona nani na unamsahau nani, unauliza nini kabla ya kuamua, na mwisho wa siku unaamua au unakwepa. We ulikwepa. Sikulaumu, shuleni tumezoeshwa kwamba kila swali lina jibu lake kwenye mwongozo wa kusahihisha, ukilitaja unapata maksi zako unakaa. Hapa hamna mwongozo wa namna hiyo.

Kwanza uijue MMI yenyewe ili isikushtue. Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa vyuo vingi vya Uingereza vinautumia, ingawa Oxford na Cambridge wao bado wanakukalisha mbele ya wasaili wachache kwa mazungumzo marefu. Kwenye MMI unapita vituo kadhaa, kila kituo kina msaili wake na dakika zake chache, mara nyingi kati ya tano na kumi, na kabla ya kuingia unapewa dakika moja au mbili za kusoma kisa. Muda ukiisha unatoka unaenda cha pili. Kila msaili anatoa maksi zake mwenyewe, kwa hiyo ukiboronga kituo kimoja usiingie kinachofuata na uso wa msiba, yule wa pili hajui chochote kilichotokea kule.

Sasa tuje kwa mama mwenye kansa.

Kisa hiki kwetu sio cha kutunga. Nani hapa Dar hajawahi kuona familia imetoka Ocean Road, hospitali yetu ya kansa, na majibu mkononi, nyumbani wanamwambia mama ni vidonda vya tumbo? Nimeshavutwa pembeni kwenye korido na kaka mkubwa wa familia, anakwambia kwa sauti ya chini dokta tunakuomba sana mama asijue, presha itapanda, atakata tamaa, tutampoteza mapema. Na anayasema hayo kwa mapenzi ya kweli kabisa. Ukiingia kwenye intavyuu ukaanza kuwaita hawa watoto wabaya au washamba umeshaharibu, maana hujawaona. Wao ndo wanaomuuguza, ndo wanaouza kiwanja ili dawa zinunuliwe, na hofu yao ina sababu.

Lakini jiulize swali ambalo wengi wanalipita. Watoto wamejuaje kabla ya mama? Majibu ni ya nani? Kwa sheria na taratibu za Uingereza taarifa za mgonjwa mtu mzima mwenye akili zake ni zake mwenyewe, kwa hiyo kuna kosa ambalo huenda limeshafanyika hata kabla ya ombi la watoto. Ukiliona hilo ukalitaja kwa utulivu, msaili atajua anaongea na mtu anayefikiri. Kuna kesi moja inafaa uijue, Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015. Mama mmoja wa Scotland, ana kisukari na ni mwenye umbo dogo, hakuelezwa na daktari wake hatari ya mtoto kukwama mabega wakati wa kujifungua, mtoto akakwama na akapata madhara makubwa. Mahakama ikasema daktari lazima amweleze mgonjwa hatari ambazo mgonjwa huyo angeona zina uzito kwake, isiwe daktari ndo anaamua peke yake nini kinafaa kusemwa. Usiende kuihutubia kama wakili, ijue tu ili uelewe kwanini wenzetu wanalichukulia hili jambo kwa uzito hivyo.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye mpaka sasa hajaulizwa chochote. Mama mwenyewe. Watu wengi hudhani njia ni mbili tu, umwambie au umfiche, wakati katikati kuna swali dogo ambalo linafungua kila kitu: mama, majibu yako yametoka, ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au ungependa mtu fulani awepo, au ungependa nizungumze na mwanao kwanza? Wapo watakaosema niambie sasa hivi. Wapo watakaosema mwanangu mimi mambo haya mweleze kaka yao, na huo pia ni uamuzi wake, ameutoa yeye, hajaporwa. Tofauti ya kufichwa na kuchagua kutojua ndo moyo wa kisa hiki chote.

Kwa hiyo jibu linaweza kwenda hivi, na usilikariri, lisikilize tu linavyotembea:

"Naona hapa watoto wanataka kumlinda mama yao na ningeanza kwa kukaa nao niwasikilize wanaogopa nini hasa. Lakini mgonjwa wangu ni mama, na kama ana uwezo wa kuamua, taarifa hizi ni zake, matibabu yoyote yanahitaji ridhaa yake na hawezi kuridhia kitu asichokijua. Kumficha kunaweza kumdhuru pia, anaweza kugundua kupitia dawa au kwa mgonjwa mwenzake akapoteza imani na sisi wote. Kwa hiyo nisingewaahidi watoto kwamba nitaficha. Ningewaeleza kwamba mama akiniuliza sitamdanganya, kisha ningemuuliza mama anataka kujua kiasi gani na anataka nani awe naye. Na kwa kuwa mimi ni mwanafunzi au daktari mdogo, ningemshirikisha daktari mkuu kabla ya mazungumzo hayo."

Umeona? Hakuna kanuni hata moja iliyotajwa jina na zimo humo, na mwisho kuna uamuzi. Ile sentensi ya kumshirikisha mkubwa wako wengi wanaisahau, wanajibu kana kwamba wao ndo bingwa wa hospitali nzima.

Msaili hatakuacha hapo. Atakigeuza kisa. Je, kama mama ana miaka 80 na ameanza kusahau? Hapo ujue kwamba England na Wales wana sheria ya uwezo wa kuamua ya mwaka 2005, inaanza kwa kumhesabu kila mtu mzima kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na inasema wazi kwamba mtu hawezi kuhesabiwa hana uwezo eti kwa sababu tu uamuzi wake sio wa busara. Uzee sio ushahidi. Atauliza, je kama mgonjwa ni binti wa miaka 15 anaomba dawa za uzazi wa mpango na hataki mama yake ajue? Hapo iko kesi ya Gillick ya mwaka 1985, ambapo majaji wa mahakama ya juu kabisa ya kule walisema mtoto chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu mwenyewe kama ana ufahamu wa kutosha kuelewa anachokubali, ila daktari anatakiwa amshawishi amshirikishe mzazi, na awe macho kama binti anadhulumiwa na mtu mzima. Hilo la mwisho usiliache kabisa, siri ina mpaka pale mtoto anapokuwa hatarini. Na kama watakuuliza kwenu ikoje unaweza kuwaambia kwamba Tanzania nayo imehangaika na swali hilohilo, sheria yetu ya Ukimwi ya 2008 ilitaka ridhaa ya mzazi mpaka miaka 18 ndo mtoto apimwe, marekebisho ya 2019 yakashusha umri wa kupimwa bila ridhaa ya mzazi mpaka miaka 15. Ni mfano mzuri kwa sababu ni wa kwako, hajauandaa mtu mwingine.

Kisa kingine kinachopendwa ni daktari mwenzako kaja kazini ananuka pombe. Hiki kinawatesa vijana wetu kuliko wanavyojua, maana tumelelewa kwamba kumchongea mwenzio ni ubaya, na akiwa mkubwa wako ndo kabisa. Unaona kijana anazunguka, ningemshauri, ningemwombea, ningemwambia arudi nyumbani kimyakimya. Zote hizo nzuri lakini wagonjwa wako wapi? Kwanza ni usalama, asimguse mgonjwa leo, na kama keshaona wagonjwa asubuhi hao nao waangaliwe upya. Pili ni taarifa kwa msimamizi, hata kama anakusihi. Tatu ndo huruma, muulize kuna nini, huenda kafiwa, huenda ni mlevi anayehitaji tiba. Huruma ipo, imewekwa tu mahali pake. Ukiipanga hivyo hujamchongea mtu.

Na kile cha kitanda kimoja cha ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na wagonjwa wawili, usikimbilie kusema nani ana maana zaidi kwa taifa. Profesa na mpiga debe wote ni wagonjwa. Uliza nani ana nafasi kubwa ya kupona, nani hawezi kusubiri, kuna kitanda hospitali ya jirani, utaratibu wa hospitali unasemaje. Maliza kwa uamuzi.

Sasa mazoezi, na hapa naomba unisikilize vizuri mdogo wangu. Vijana wengi wa hapa hawafelishwi na kutojua, wanafelishwa na adabu. Msaili ni mtu mzima, anakukunjia uso anasema sikubaliani na wewe, na mtoto aliyelelewa vizuri Dar es Salaam anashusha macho anasema ndiyo, samahani. Kule amekukunjia uso makusudi aone kama utasimama. Ukibadili msimamo kwa sababu amekupa taarifa mpya hiyo ni akili, ukibadili kwa sababu amenuna hiyo ni hofu, na wanazitofautisha vizuri sana. Kwa hiyo kuanzia leo tafuta mtu mzima kwenye ukoo mwenye maneno mengi, kila ukoo unaye, shangazi au baba mdogo ambaye kwenye vikao hashindwi, muombe ruhusa rasmi kwamba shangazi naomba unibishie kila jioni na mimi nikujibu, usinione sina heshima, ni mtihani. Mpe kisa, yeye achukue upande wa watoto wa yule mama. Atakubana kuliko msaili yeyote. Jifunze kusema "naelewa unachosema, na kama mtoto wake ningehisi hivyohivyo, lakini bado naona..." kwa sauti isiyotetemeka na isiyo na ubishi.

Jirekodi kwenye simu. Soma kisa dakika moja, funga, ongea dakika sita, kisha usikilize. Utasikia mwenyewe pale ulipozunguka. Fanya kwa Kiingereza maana ndo lugha utakayoulizwa, ila kisa kikiwa kigumu kizungumze kwanza kwa Kiswahili mpaka ujue unaamini nini, ndo uende kwenye Kiingereza. Na kasome miongozo ya GMC, lile baraza linalosimamia madaktari Uingereza, iko bure mtandaoni, toleo jipya la mwongozo wao mkuu lilianza kutumika Januari 2024 na linasomeka bila shida.

Habari yako dokta. Binti yangu ana intavyuu huko Uingereza na sisi ni watu wa dini. Ameambiwa anaweza kuulizwa kuhusu kutoa mimba. Anaogopa kwamba akisema msimamo wake watamkataa, na mimi sitaki aende kudanganya. Afanyeje? – Mama wa Mbezi Beach

Salama mama yangu. Asidanganye, na hana haja ya kudanganya.

Ajue kwanza anaenda nchi yenye sheria nyingine. Huku kwetu Kanuni ya Adhabu inakataza, isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha ya mama. England, Wales na Scotland wana sheria ya mwaka 1967 inayoruhusu kwa masharti, na sheria hiyohiyo ina kifungu kinachomruhusu daktari kutoshiriki kama dhamiri yake inakataa, isipokuwa tu maisha ya mama au afya yake yakiwa hatarini kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo daktari mwenye imani yake ana nafasi kule, kwa sheria kabisa.

Kinachoangaliwa ni mgonjwa anabaki wapi. Binti akisema "mimi kwa imani yangu nisingeshiriki" akaishia hapo, yule mwanamke aliyekaa mbele yake ameachwa njiani. Akisema "nisingeshiriki, lakini ningemweleza kwa upole bila kumhukumu kwamba ana haki ya kuonana na daktari mwingine, ningehakikisha anajua namna ya kumpata, na huduma zake zingine zote ningempa kama kawaida" hapo amebaki na imani yake na mgonjwa hajadharauliwa. Ndo wanavyoelekezwa madaktari wa kule.

Ila mama na wewe nikuombe kitu. Mwache aongee hayo nyumbani mbele yako kabla hajayasema kwa wageni, hata yale ambayo hamtakubaliana. Akiwa anaogopa sebuleni kwenu, kule atababaika zaidi.

Dada mambo. Mi nilimaliza kidato cha sita PCB, naomba vyuo vya hapahapa. Wanasema huku hamna intavyuu, ni ufaulu tu. Hayo ya maadili yananihusu? – Kijana wa Kigamboni

Poa. Ni kweli vyuo vyetu kwa sehemu kubwa vinachukua kwa ufaulu wa masomo, unaomba kwa utaratibu wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, na ushindani ni mkali. Lakini maswali yatakukuta wodini, na hutapewa dakika mbili za kusoma mlangoni. Majeruhi wa bodaboda kaletwa usiku anatoka damu, hana PF3, ile fomu ya polisi, na hana ndugu. Familia imepungukiwa hela na mwili wa marehemu wao uko mochwari. Mgonjwa ana bima lakini dawa anayohitaji haimo. Haya usipoyawaza mapema utayaiga tu kwa yule utakayemkuta zamu, awe mzuri awe mbaya. Mtangulie kaka, jadili na wenzako sasa hivi mkiwa mnasubiri matokeo ya maombi, chukueni kisa kimoja kwa wiki.

Dokta kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza maswali ya intavyuu ya vyuo vya Uingereza na majibu yake, anasema ndo yaleyale yanayotoka. Ninunue? Na pia intavyuu yangu ni kwa mtandao nikiwa hapa Dar, nijiandaeje? – Msomaji, Kinondoni

Usinunue. Vyuo vingi huwataka wasailiwa wasitoe maswali nje, kwa hiyo ama ni ya uongo ama umeanza safari ya udaktari kwa kununua kitu kilichoibiwa, halafu uingie kituo cha uaminifu uulizwe "mwenzako amekuletea maswali ya mtihani, utafanyaje?" Utajibu nini na uso wako. Hela hiyo weka bando.

Kuhusu mtandao, tafuta chumba chenye mlango, waambie nyumbani mapema siku na saa ili redio na wageni wajue. Laptopu iwe imejaa chaji na simu ya pili yenye bando la mtandao mwingine iwe pembeni tayari, umeme ukikatika unahamia bila kupaniki, na namba au barua pepe ya ofisi ya udahili iandike kwenye karatasi, usiiache kwenye kompyuta iliyozimika. Ukikatika katikati andika ujumbe mfupi, rudi, endelea. Na angalia sana saa. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi Dar tuko mbele ya Uingereza kwa saa 3, kwa hiyo wakikuandikia 9:00 asubuhi ya kwao, kwetu ni saa sita kamili mchana. We kaa kwenye kiti saa tano na nusu.